Ukitaka Kuishi kwa Motokrosi Uganda

Hesabu ya motokrosi, mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta ya kuruka, iko hivi: kwenye utaratibu wa mashindano ya dunia, mshindi anapata pointi 25, wa pili 22, wa tatu 20, na kushuka hadi wa ishirini anayeambulia moja. Siku ya mbio unakimbia raundi mbili. Ukimaliza wa pili zote mbili una 44. Yule aliyeshinda ya kwanza kwa mbwembwe halafu ya pili pikipiki ikamzimikia anarudi nyumbani na 25. Wageni wengi wa mchezo huu ninaowaona kwenye viwanja vya mbio vya Busiika na Garuga wanakuja kushinda. Njoo kumaliza kwanza.

Vijana wa bodaboda huniambia, "Kaka, mimi Kampala naikata usiku na mchana." Sawa, macho mnayo, na woga hamna. Lakini motokrosi unaiendesha umesimama, magoti yamebana tangi, viwiko juu, mikono imelegea. Ukijishikilia kwa mikono, baada ya mizunguko michache misuli inakaza hadi vidole vinashindwa kuvuta klachi. Hapo ndipo mtu hodari huanguka kwenye kona ya kawaida kabisa. Kimbia, ogelea, endesha baiskeli: mwili ndio injini ya kwanza. Na ujue utakayeshindana naye huenda alianza kwenye darasa la pikipiki za watoto, za 50cc, akiwa bado anang'oka meno ya utotoni. Hilo lisikuvunje moyo, ila usianze na 450cc ili kumfikia. Pikipiki ya 125cc itakufundisha zaidi na itakuumiza kidogo.

Sasa chujio la hewa, jambo ambalo hakuna anayelipigia makofi. Vumbi letu jekundu la kiangazi ni laini kama unga. Likipenya, linakula pistoni na silinda, na spea zenyewe mara nyingi zinaagizwa nje. Kila baada ya mbio au mazoezi ya vumbi, toa sponji, ioshe kwa dawa yake kisha kwa maji ya sabuni. Usitumie petroli, inaachanisha gundi ya maungio. Minya, usikamue kama nguo, maana itachanika. Ianike kivulini. Ikikauka kabisa ipake mafuta yake mpaka rangi ienee sawasawa, na ukingo wake upake grisi kabla ya kuirudisha. Kazi hii ifanye mwenyewe, hata kama una fundi. Fundi akiwa na pikipiki nyingi za kuandaa, ya mgeni ndiyo ya mwisho.

Kofia ngumu iliyopiga chini kwa nguvu imekwisha kazi, hata kama haina ufa. Ukigonga kichwa ukaona kizunguzungu, siku yako imeisha. Usimsikilize mtu yeyote anayekuambia upake maji uendelee. Kibendera cha njano kikipepea, kuna mtu yuko chini mbele yako: punguza mwendo, usiruke, usimpite mwenzio. Mengine utayafundishwa klabuni, na bila klabu na leseni ya shirikisho la mchezo huu hukimbii.

Tuje kwenye fedha. Zawadi za mbio za hapa nyumbani hazitakulisha, tusidanganyane. Waafrika Kusini kama Grant Langston, bingwa wa dunia wa 125cc mwaka 2000, na Tyla Rattray, bingwa wa dunia wa MX2 (darasa lililo chini ya lile kuu) mwaka 2008, ilibidi wakashindane Ulaya, na nyuma yao kulikuwa na familia zilizogharimika miaka. Hapa kwetu anayedumu ni yule mwenye kazi ya pili iliyo jirani na hii: ufundi, kufundisha watoto wa wenye nacho, kuandaa pikipiki za wengine. Mimi ufundi ndio unaonilipia matairi.

Mdhamini naye usimwendee na kikombe cha ushindi tu. Mpelekee picha ambazo nembo yake inasomeka, majina ya mbio, nafasi ulizomaliza, na bei ya kila kitu unachoomba. Akikubali, yaandikeni: analipa nini, lini, na ukivunjika mguu katikati ya msimu inakuwaje. Bima yako nayo isome vizuri kabla ya kulipa, kwa kuwa nyingi haziwagusi wanaoshindana. Ukikuta hivyo, uliza bima ya ajali za michezo, na uulize kabla hujalipia kuingia mbio.