Betri ya moyo baada ya valvu mpya

Pole sana dadangu kwa kumuuguza mama. Umeuliza kama daktari alikosea, maana tangu mama abadilishiwe valvu ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) siku 4 zilizopita moyo unapiga polepole, na sasa wanataja pesimeka, yaani betri ya moyo. Mimi ni muuguzi wodi ya moyo hapa Nairobi. Si lazima awe amekosea. Njia ya umeme inayotoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini inapita karibu kabisa na valvu hiyo. Chokaa iliyoganda kwenye valvu ya zamani ikikwanguliwa na valvu mpya ikishonwa, pale huvimba na umeme hukwama.

Zile nyaya nyembamba zinazotokea kifuani hadi kwenye kiboksi kando ya kitanda, ambacho ni pesimeka ya muda, ndizo zinamshikilia sasa. Tafadhali msizivute mkimbadilisha leso! Uvimbe ukishuka, wengine moyo hurudi kupiga vizuri wenyewe, ndiyo maana madaktari husubiri angalau siku 5 hivi. Muulize daktari swali hili: kasi ya kiboksi ikipunguzwa, moyo wenyewe unapiga mara ngapi kwa dakika?

Moyo usiporudi kupiga vizuri, pesimeka ya kudumu huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi kwa ganzi ya pale tu. Betri hudumu miaka mingi, kama 8 hadi 12. Na simu asiiweke kwenye sidiria kama mama zetu walivyozoea. Ikae sentimita 15 mbali na pesimeka. Kama valvu ni ya chuma, warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaendelea vilevile.