Halo ya DDO 154: mbona c inashuka hadi 2?

SWALI: Mhariri, natafuta umbo la halo (wingu kubwa la maada giza linaloizingira galaksi) ya galaksi kibete DDO 154 kwa kasi za mzunguko wa gesi yake ya hidrojeni. Nikitumia modeli ya Navarro, Frenk na White (NFW), programu inanipa c (ukolezi wa halo, yaani upana wake ukigawanywa kwa rs, umbali ambapo mteremko wa densiti hubadilika) ya 2 na V200 (kasi ya mzunguko kwenye ukingo wa halo) ya km 150 kwa sekunde, ilhali kasi ya galaksi yenyewe haifiki 50. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa fizikia

JIBU: Huenda hujakosea hesabu. Ndani kabisa ya rs, densiti ya NFW ni takriban ρs·rs/r (ρs ni kipimo cha densiti ya halo, r ni umbali kutoka kitovu), kwa hiyo nukta zako za vipimo zikiwa humo zote, kinachopimika ni zao la ρs na rs tu. Programu inaivuta rs nje, c inashuka, V200 inapaa, na mstari bado unapita kwenye nukta. Funga c kati ya 10 na 15, kama uigaji wa kompyuta unavyotarajia kwa galaksi ndogo hivi, kisha tazama katikati: modeli itazidi kasi ulizopima. Karibu na kitovu, umbali ukiongezeka mara mbili, kasi ya NFW hupanda mara 1.4, ya halo yenye kiini bapa (densiti isiyopanda tena katikati) hupanda karibu mara 2. Jaribu modeli ya Burkert, yenye kiini cha namna hiyo.

Lakini kwanza kagua gesi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Tungamo la hidrojeni huzidishwa kwa 1.33 kwa ajili ya heliamu. Kasi inayotokana na gesi (Vgas) basi huzidishwa kwa 1.15, si 1.33. Penye shimo la hidrojeni katikati, gesi ya nje huvuta kuelekea nje, hivyo, unapojumlisha miraba ya kasi, andika Vgas×|Vgas|. Ukiweka mraba wa kawaida, alama ya hasi inapotea.

Nyota hazitakusumbua. Kwenye kiloparseki 6 kasi ni kama km 47 kwa sekunde. V²r/G, G (kanuni thabiti ya mvutano) ikiwa 4.3×10⁻⁶ kwa vipimo vya kiloparseki, km kwa sekunde na tungamo la Jua, inatoa tungamo la Jua mara bilioni 3 hivi. Gesi na nyota pamoja hazifiki nusu bilioni. Ndiyo maana DDO 154 ni kipimo kizuri mno cha halo.

Usitangaze kiini mapema, hata hivyo. Kwa umbali wa megaparseki 4, mwale wa darubini (doa dogo kabisa inaloweza kulitofautisha) wa sekunde 12 za tao hufunika parseki 230, na ukungu huo hushusha kasi za katikati. Tengeneza diski bandia yenye halo ya NFW, ipitishe kwenye mwale huohuo, upime kasi upya, uone kama zinafanana na zako.