Baridi ya Njombe na hesabu ya LUKU

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu. Mwezi Mei mwaka huu nilihamishwa kikazi kutoka Tanga kuja Njombe Mjini, nikaja na mume wangu, mtoto wetu wa miezi minane, na mama mkwe ambaye umri wake umekwenda. Tumepanga nyumba ya vyumba vitatu, ya tofali za kuchoma na bati, isiyo na dari. Kule Tanga umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, wa shilingi 10,000 ulitutosha mwezi mzima na siku kadhaa za mwezi unaofuata. Hapa tumenunua hita ya wati 2,000, nasi huiwasha sebuleni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Mwanzoni mwa Juni umeme wa shilingi 10,000 ulikaa wiki moja, lakini wa shilingi 10,000 uliofuata haukumaliza siku tatu, ilhali matumizi yetu hayakubadilika. Mume wangu anaamini kwamba mita ni mbovu. Majirani wanatushauri tutumie jiko la mkaa, wakisema kwamba mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi unaweza kuingizwa hata chumbani. Mama mkwe naye anataka tuote moto wa kuni kama alivyozoea kwao milimani Lushoto. Ipi ni nafuu, na ipi ni salama?

JIBU: Karibu Njombe, Mwalimu, na pole kwa baridi. Naanza na mkaa, kwa kuwa suala hilo haliwezi kusubiri hesabu za fedha. Tafadhali usiingize jiko la mkaa katika chumba ambacho watu watalala, hata kama mkaa umekolea kiasi gani. Majirani wanakueleza kile ambacho wengi wetu tuliambiwa tangu utotoni, lakini wamekosea, na kosa hilo linaua. Moshi unaouona ni dalili ya kuni au mkaa usioshika vizuri; hewa inayoua haionekani wala hainuki. Mkaa mwekundu unaoungua taratibu katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kiasi kwamba mtu anaendelea kupumua huku mwili wake ukikosa hewa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na usingizi huo ndio unaomnyima mtu nafasi ya kujiokoa. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee huathirika mapema kuliko wengine. Ikiwa mtu wa nyumbani ataamka na dalili hizo katika chumba kilichokuwa na jiko, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali hata akisema kwamba amepata nafuu.

Miaka ya kwanza nilipohamia nyanda hizi, nami niliwahi kuingiza jiko chumbani usiku mmoja wa Julai, nikaamshwa na kichwa kilichoniuma kiasi cha kushindwa kusimama wima. Nilitambaa hadi mlangoni. Ndiyo maana katika jambo hili sina lugha ya kati.

Sasa tuje kwenye mita, ambayo kwa maelezo yako inaelekea kuwa nzima. Nyumba yenu, kama nyumba nyingi zenye matumizi madogo, huenda imewekwa katika kundi la D1. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, ambazo ndizo ninazozitumia hapa, mteja wa kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti (wati 1,000 zikitumika kwa saa moja) hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Ukijumlisha kodi na tozo za asilimia 22, shilingi 100 huwa 122, na shilingi 350 huwa 427. Hita ya wati 2,000 hula uniti 2 kila saa, kwa hiyo saa nne za jioni ni uniti 8. Ongeza taa, televisheni na pasi, mfikie uniti 10 hivi kwa siku. Shilingi 10,000 za kwanza, baada ya kukatwa kodi ya jengo ya shilingi 1,500, zilikupeni karibu uniti 70, yaani wiki moja. Shilingi 10,000 zilizofuata zilianza na uniti chache zilizosalia za bei ya chini, kisha zikapanda daraja, hivyo mkapata uniti 27 tu. Uniti 27 kwa nyumba inayotumia 10 kwa siku haziwezi kufika siku tatu. Mita imehesabu sawasawa na ulivyosimulia.

Mkiendelea hivyo mwezi mzima, hita peke yake itakula uniti 240, na nyumba iliyozoea kulipa chini ya shilingi 10,000 italipa takribani shilingi 100,000. Kuna jambo jingine ambalo wageni wa huku huchelewa kuligundua: mteja anayezidisha uniti 75 mara kwa mara huhamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, kuanzia ile ya kwanza, ni shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Akishahamishwa, hata miezi ya joto ambayo hita imefungiwa kabatini atalipia taa zake karibu mara tatu ya zamani, mpaka matumizi yashuke na arejeshwe. Kwa hiyo gharama ya hita haiishii katika miezi ya baridi.

Kabla hujachagua chanzo cha joto, tazama juu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000, ndiyo maana umeacha nyuzi 12 au zaidi kule Tanga. Katika nyumba isiyo na dari, hewa yote ya moto hupanda ikakae chini ya bati, na bati lenyewe huipoteza angani usiku kucha. Hita yenu inapasha bati. Dari ya jipsam au ya mbao nyembamba, hata ikianza na chumba kimoja anacholala mtoto na bibi yake, itafanya kazi ambayo hita ya pili haiwezi kuifanya. Wakati mnajipanga kwa dari, zibeni nafasi iliyo kati ya ukuta na bati upande unaotokea upepo, wekeni kitambaa kilichoviringishwa chini ya mlango, tandikeni mkeka na zulia juu ya sakafu ya saruji, na fungeni mapazia mazito kabla jua halijazama. Acheni tundu dogo la kupitisha hewa, kwa sababu chumba chenye watu wanne kikizibwa kabisa huloa jasho ukutani na kuota ukungu.

Kisha badilisheni nia: pasheni watu badala ya kupasha chumba. Lita 2 za maji yanayotoka bombani asubuhi ya baridi, yakipashwa kwenye birika la umeme hadi yawe ya moto wa kutosha chupa ya mpira, hutumia uniti 0.13 hivi. Hizo ni shilingi 16 kwa bei ya chini ya D1, au shilingi 46 kwa T1, na chupa hiyo ikifungwa kwa kitambaa na kuwekwa chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala, mama mkwe atakuta kitanda chenye joto. Kwa mtoto, chupa ipashe kitanda kisha iondolewe kabla hajalazwa. Yeye avishwe nguo kadhaa nyepesi zilizopangana, soksi na kofia mnapotoka nje, wala asifunikwe mablanketi mazito yanayoweza kumpanda usoni.

Kuhusu kuni, mama mkwe ana hoja nzuri kuliko majirani, kwa sharti moja: moto uwe na bomba la kutoa moshi nje, au uwe katika jiko la nje ambako familia hukaa jioni kabla ya kuingia kulala. Kwa kuni, Njombe ina neema ambayo Tanga Mjini haina. Mashamba ya miti ya miwati na misindano yamezunguka mji, na kwenye viwanda vya kuchana mbao mtapata mabanzi kwa bei ya chini kuliko mkaa. Nunueni mapema, yapasueni, yapangeni chini ya upenu yakauke kwa miezi, kwa sababu kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Miwati ndiyo bora kwa kuota, huungua polepole na kuacha kaa zuri. Msindano huwaka upesi, lakini ukichomwa ungali mbichi moshi wake hugandisha masizi ndani ya bomba, na masizi hayo yanaweza kushika moto, kwa hiyo bomba lisafishwe kila msimu.

Gesi itumieni kupikia na kuchemshia maji. Msiache jiko la gesi likiwaka ili lipashe chumba, kwa kuwa nalo hula oksijeni ya chumba na kujaza mvuke.

Kwa familia yenu, Mwalimu, ningetenga kwa ajili ya dari zile fedha ambazo hita ingezila Julai na Agosti, hita yenyewe ningeiwasha nusu saa tu wakati wa kumwogesha mtoto, na jioni ningeota moto wa mabanzi nje pamoja na bibi.

SWALI: Nimehamia Makambako nikitokea Dodoma. Fundi ananishauri nifunge bomba la mvua la umeme linalopasha maji papo hapo. Tuko wanne. Je, litakuwa ghali kuliko kuchemsha maji ya ndoo?

JIBU: Litakuwa ghali, ndugu yangu, ingawa si kwa kiasi cha kutisha. Mabomba hayo huwa na wati 5,000 hivi, na mtu anayeoga kwa dakika 10 hutumia uniti 0.8. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku ni uniti 100 kwa mwezi, kiasi ambacho peke yake kinakutoa katika uniti 75 za bei ya chini. Ndoo ya lita 10 za maji ya kuoga hutumia uniti 0.3 tu. Ukiamua kulifunga, hakikisha lina waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, kikata umeme chake, na waya wa ardhini unaofanya kazi. Bila waya wa ardhini usikubali fundi aondoke.

SWALI: Mwenye nyumba hataki kuweka dari, lakini anakubali niiweke mwenyewe. Nikihama nitaidai vipi?

JIBU: Usiidai wakati wa kuhama, ikate kwenye kodi ya pango kabla. Andikeni makubaliano yanayotaja gharama ya vifaa na ufundi, kiasi kitakachopunguzwa kila mwezi, na mwezi ambao deni litakwisha, mtie saini mbele ya mjumbe, kila mmoja abaki na nakala. Katika karatasi hiyo hiyo iingizeni kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, kwa kuwa hiyo ni ya mwenye nyumba, nawe unamlipia tu kila mwezi unaponunua umeme. Risiti za mbao, misumari na jipsam zitunze zote hadi mwezi wa mwisho wa makato.