Testosteroni baada ya kukoma hedhi: nisubiri NHS au nilipe kliniki binafsi?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina umri wa miaka 53, ni mzaliwa wa Tanga na sasa ninaishi Leicester, Uingereza, pamoja na mume wangu. Hedhi ilikoma miaka miwili iliyopita, na kwa mwaka mmoja nimekuwa nikimeza vidonge vya homoni nilivyoandikiwa na daktari wa kituo chetu cha NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya hapa. Joto la ghafla limekwisha na usingizi umerudi, ila hamu ya tendo la ndoa imenitoka kabisa, jambo linalonisononesha kwa sababu mimi na mwenzangu bado tunapendana. Nilipoomba testosteroni, homoni ya kiume ambayo hata wanawake wanayo kidogo, daktari alisema hawezi kunianzishia. Kliniki binafsi iko tayari, lakini gharama yake inanitisha. Je, nilipe?
Mama T., Leicester

JIBU: Mama T., usilipe kwanza. Ombi lako ni la haki kabisa, na wala si jambo la kuonea aibu. Tangu mwaka 2015, mwongozo wa NICE, taasisi inayoelekeza matibabu ya NHS, unaruhusu daktari kufikiria testosteroni kwa mwanamke mwenye tatizo kama lako iwapo homoni za kawaida pekee hazikumsaidia. Kikwazo kiko kwingine: kila eneo la England lina orodha yake ya dawa iliyopangwa kwa rangi, na maeneo mengi yameiweka testosteroni katika kundi ambalo mtaalamu ndiye anayeianzisha, kisha daktari wa kituo akaiendeleza. Kwa hiyo huenda daktari wako hakukukatalia matibabu, bali alikueleza mipaka yake bila kukuonyesha mlango unaofuata, na hilo ndilo linalowaumiza wanawake wengi.

Kabla ya mlango huo kuna jambo ambalo ningependa ulizungumze naye mapema, nalo ni vidonge vyako. Estrojeni, homoni ya kike iliyomo kwenye vidonge hivyo, ikimezwa hupitia kwenye ini, na ini hujibu kwa kutengeneza kwa wingi protini inayoishika testosteroni ndani ya damu, hivyo hata ile kidogo ambayo mwili wako bado unaitoa hukosa nafasi ya kufanya kazi. Estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi haina athari hiyo kwa kiwango kama hicho. Daktari wa kituo anaweza kukubadilishia yeye mwenyewe, bila rufaa, na wapo wanaopata nafuu kwa hatua hiyo peke yake. Mweleze pia kama una ukavu au maumivu wakati wa tendo, kwani estrojeni ya ukeni hutibu hali hiyo, na kama unatumia dawa za sonona, kwa sababu baadhi yake hupunguza hamu.

Ukibadilishiwa na hali ikabaki vilevile, omba rufaa ya kliniki ya NHS ya ukomo wa hedhi. Foleni inaweza kuwa ndefu, nami sikulaumu ukifikiria kulipa. Lakini elewa kwamba miadi ya kwanza binafsi, ambayo mara nyingi huzidi pauni 200, ni mwanzo tu: kuna dawa, vipimo vya damu na miadi ya ufuatiliaji. Daktari wako wa NHS halazimiki kuendeleza dawa iliyoanzishwa na kliniki binafsi. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti, kiandikie kituo chako ukiuliza kama watakubali kuendeleza matibabu hayo, na ulitunze jibu lao.

Ukipewa dawa, angalia kipimo kwa makini. Madaktari wengi wamekuwa wakitumia jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaume, na pakiti ndogo ya miligramu 40.5 ambayo mwanamume huimaliza kwa siku moja humtosha mwanamke takriban siku nane. Hupakwa kidogo tu kwenye ngozi safi na kavu ya tumbo la chini au paja, huachwa ikauke, na mikono huoshwa ili isimguse mwenzako wala mtoto. Usichukue jeli ya mume wa mtu wala kununua mtandaoni bila cheti cha daktari, kwani kipimo kikizidi kwa muda mrefu sauti inaweza kuwa nzito na isirudi ilivyokuwa.

Damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha tena baada ya wiki chache, ili kiwango kisipite kile cha kawaida cha mwanamke. Ushahidi tulio nao unahusu hamu ya tendo la ndoa kwa wanawake waliokoma hedhi. Kwa uchovu na usahaulifu bado hautoshi, kwa hiyo kliniki itakayokuahidi hayo uitilie shaka. Nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, na miezi sita ikipita bila mabadiliko, dawa huachwa.