Kuhusu ile mamogramu uliyoniuliza

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku nikaiacha, asubuhi nikairudia. Unauliza, umeshafika 40, uanze mamogramu, ile eksirei ya matiti ya kutafuta saratani, sasa hivi au usubiri 50 kama mwenzako alivyoambiwa na daktari wake. Mimi nakuuliza, bahasha utaiweka wapi?

Usicheke. Unaikumbuka ile bahasha kubwa ya kaki, wewe na kaka yako mlipanda stuli mkaishusha juu ya kabati siku ya kupatwa kwa jua, mkazikata picha za mamogramu za mama yenu vipande vipande mtazamie jua, na wala filamu ya eksirei haikingi jicho, ni Mungu tu. Baba yenu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, sikatai. Miaka mitatu baadaye ndo nikalia, hilo sijawahi kuwaambia.

Nilienda kupimwa kama kawaida, yaani usipake poda wala ya kwapa maana chembe zake zinaweza kutokea kwenye picha kama madoa, halafu titi linabanwa kati ya vibao viwili, picha mbili kila upande, kubanwa kwenyewe ni sekunde chache, linauma ila linapita, na ukienda wiki ya baada ya hedhi maumivu yanapungua. Ripoti ikaja BI-RADS 0, hiyo ni namba wanayoipa mamogramu kusema wameona nini. Nilivyoona sifuri nikashangilia, nikajua hakuna kitu! Kumbe safi ni moja, mbili ni kuna kitu lakini hakina neno, sifuri ni picha hazijatosha kuamua, rudi. Nikarudi, wakapiga za kukuza, vikaonekana vidoa vya chokaa, vyeupe, vidogo kama chumvi, vimejikusanya sehemu moja. Daktari akaniuliza kitu kimoja tu, picha za zamani ziko wapi, aangalie kama vidoa vilikuwepo tangu mwanzo au vimezaliwa juzi. Nikasema zimepotea. Ningesemaje, wanangu walitazamia jua?

Basi ikawa sindano, wakatoa kinyama cha kupima, na siku 9 za kungoja. Siku 9 nawakagulia madaftari, nawagombeza kuhusu viatu mlangoni, baba yenu ananiangalia hasemi kitu. Majibu yakaja, si saratani.

Saa nyingine najiambia wangenichoma sindano tu hata picha zingekuwepo, chokaa ikijikusanya vile hawaiachi hivihivi. Inawezekana. Lakini picha ya leo bila ya jana ni nusu ya habari, nilisema na nitasema. Siku hizi ziko kwenye kompyuta, omba nakala, hasa ukibadilisha hospitali, usiniambie eti wao watatunza.

Haya, 40 au 50. Jopo la wataalamu wa kinga Marekani mwaka 2024 lilisema anza 40, kila baada ya miaka 2 hadi 74. Uingereza wanaanza kuwaita wanawake karibu na 50, kila miaka 3. Na wote wamesoma. Shida ni kwamba kwenye umri wako matiti ya wengi bado yana tishu nzito, kwenye picha inakuja nyeupe, na uvimbe nao unakuja mweupe, sasa hapo ni kutafuta mbuzi mweupe kwenye ukungu, ndo maana wengine huongezewa ultrasaundi, ndo maana pia unaweza kuitwa kama nilivyoitwa mimi, roho juu, halafu hakuna kitu. Siku 9 zile sikutakii. Lakini wapo waliokutwa na saratani mapema kwa hiyohiyo picha ya 40, nao tuwaweke wapi?

Halafu shangazi yako aliyeugua saratani ya titi. Watu hudhani upande wa baba hauhesabiwi, unahesabiwa, mwambie daktari na umwambie aliugua akiwa na umri gani. Na siku ukipapasa uvimbe, hayo ya 40 na 50 yaishe hapohapo, unaenda, hata kama picha ya mwezi uliopita ilikuwa safi.

Hapa niliandika neno moja nikalifuta, nikaliandika tena nikalifuta. We ni mtu mzima, mwili ni wako. Ingekuwa mimi... hapana, wacha.

Ila bahasha nimeshakutafutia, iko juu ya kabati, na stuli nimeihamisha.

Mama