Tumia karatasi ya grafu, mwalimu

Mwalimu wa Kasarani, umeuliza uwaonyesheje wanafunzi ni viumbe gani wana spishi nyingi zaidi. Chati ya duara haifai, makundi madogo yanapotea kabisa. Wape karatasi ya grafu, mraba mmoja uwe spishi 1,000, kila kundi na rangi yake. Mamalia wote, kuanzia simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hadi popo, watachukua miraba 6 au 7 tu! Ndege kama 11, samaki 35 hivi. Halafu wapake mbawakawa: karibu miraba 400. Mikono itachoka, na hapo ndipo watakapoelewa. Wataje pia pembeni kwamba hizo ni spishi zilizokwisha kupewa majina. Wadudu na kuvu wengi bado.