Upendeleo ulianza zamani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, Marekani bado inahitaji upendeleo maalumu ili kuziba pengo kati ya Weusi na Weupe?" Jibu langu ni ndiyo. Ila nina ugomvi na maneno mawili ya swali lenyewe, na nina jambo la kuungama kuhusu familia yangu.

Nianze na "upendeleo". Katika Kiswahili chetu anayependelewa ni mpwa wa bosi, yule anayeingia kazini bila usaili huku wenzake wakisubiri nje. Ukishalitumia neno hilo, kesi imekwisha kabla shahidi hajaapa. Amri ya Rais Kennedy ya Machi 1961, iliyoanzisha mambo haya, haikumwahidi mtu kiti. Iliyataka makampuni yenye mikataba ya serikali yachukue hatua za makusudi kuhakikisha watu wanaajiriwa bila kujali rangi. Hatua za makusudi: nitalitumia hilo, ingawa najua "upendeleo" limeshazoeleka.

Kama upendeleo wa kweli ndio mnaotaka kuujadili, basi tuujadili. Naishi Maryland mwaka wa ishirini sasa. Jirani yangu ni Mwamerika Mweusi aliyepita miaka sabini na mitano. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita binti. Jioni moja alinijia na kopo la biskuti lililoshika kutu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na hati ya baba yake ya kumaliza utumishi jeshini, imeandikwa kwa taipureta, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka na mwanga unapita. Baba huyo alirudi nyumbani Mississippi baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imewaahidi wanajeshi waliorudi vitani karo ya chuo na mkopo wa nyumba. Ila kwenye mkopo serikali ilikuwa mdhamini tu. Fedha zilitoka benki, na benki ndiyo iliyoamua nani apewe. Alikwenda mara tatu. Safari ya tatu karani hakunyosha hata mkono kuipokea ile hati.

Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo hilo, mikopo iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo ilikuwa zaidi ya 3,000. Iliyokwenda kwa Weusi ilikuwa miwili. Mzee aliponiambia nilidhani ametia chumvi, nikaenda kutafuta mwenyewe. Hakutia.

Wale maelfu waliopewa walipendelewa kwa rangi yao, tena kwa dhamana ya serikali, na sijasikia mtu akiwauliza kama walistahili. Nyumba zile zilipanda thamani. Zilisomesha watoto, zikawekwa rehani kufungulia biashara, zikarithiwa. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulikuta familia ya kati ya Weupe ina mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni, na familia ya kati ya Weusi dola 44,900. Mzee mwenyewe amepanga maisha yake yote.

Neno la pili ni "bado". Linanifanya nihisi kuna saa ukutani na sisi tumepitiliza muda. Saa hiyo iliwekwa na Jaji Sandra Day O'Connor mwaka 2003, alipoandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 vyuo havitahitaji tena kuangalia rangi ya mwombaji vinapochagua wanafunzi. Mahakama ya Juu haikusubiri. Juni 2023, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ilipiga marufuku. Januari 2025 Rais Trump akaifuta na amri ya Rais Johnson ya mwaka 1965, iliyoyabana makampuni yenye mikataba ya serikali. Ile ya vyuo ilitangazwa dunia nzima. Hii ya pili ilipita kimyakimya, na kwa maoni yangu ndiyo iliyogusa watu wengi zaidi, maana wanaotafuta kazi ni wengi kuliko wanaotafuta Harvard.

Na kwenye kazi ushahidi upo. Watafiti wawili walituma wasifu karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, tofauti kubwa ikiwa jina: Emily na Greg kwa upande mmoja, Lakisha na Jamal kwa upande wa pili. Emily aliitwa mara moja kwa kila maombi 10. Lakisha ilimbidi atume 15. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na mtu anaweza kusema ni ya kale. Wengine wamerudia hivi karibuni kwa maombi zaidi ya 80,000 kwenye makampuni makubwa ya nchi hiyo. Pengo limepungua: majina ya Weusi yaliitwa pungufu kama mara mbili katika kila maombi 100. Kilichonivutia mimi ni kwamba karibu nusu ya ubaguzi huo ilitoka kwa moja ya tano tu ya makampuni. Maana yake ugonjwa una anwani. Anayetaka kuutibu anajua mlango wa kugonga, na amri iliyofutwa ndiyo iliyokuwa imempa ruhusa ya kuugonga.

Sasa ungamo. Mwanangu wa kwanza aliingia chuo chenye jina mwaka 2019. Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na kisanduku cha Mweusi, akatia tiki, hakudanganya. Kisanduku hakikuuliza kama wazee wake waliletwa kwa merikebu wakiwa wamefungwa minyororo, au kama wazazi wake walishuka kwenye ndege wakiwa na shahada na masanduku manne. Hatuko peke yetu. Utafiti kuhusu wanafunzi Weusi walioingia vyuo vya kuchagua sana mwaka 1999 ulikuta zaidi ya robo ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Kwenye vyuo vya kundi la Ivy League, vile vinane vyenye jina kubwa kama Harvard, walifika asilimia 41. Kijana wangu ana akili, na mimi ni mama yake, siwezi kusema vinginevyo. Lakini kiti kile kilichongwa kwa ajili ya watu wa Mzee.

Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito. La wazazi wa Kiasia pia: kesi ya Harvard ilionyesha watoto wao wakipewa alama za chini kwenye kipengele cha haiba, na niliposoma hayo sikupata namna ya kuyatetea. Lakini yote mawili yanasema kipimo kilikosea. Hayasemi mgonjwa amepona. California ilipiga marufuku hatua hizi kwa kura ya mwaka 1996. Kufikia mwaka 2006, chuo cha UCLA, katika jiji kama Los Angeles, kilipata Weusi 96 kati ya wanafunzi wapya zaidi ya 4,800. Vyuo vya jimbo hilo vikatumia zaidi ya nusu bilioni ya dola kwa njia zisizotaja rangi, na mwishowe vikaiambia Mahakama ya Juu kwamba bado havijafika vinakotaka. Kule MIT, chuo maarufu cha teknolojia, darasa la kwanza baada ya hukumu lilikuwa na Weusi asilimia 5, kutoka wastani wa 13. Na wakati huohuo vyuo kadhaa vikubwa vya binafsi vinaendelea kuwapa nafasi ya mbele watoto wa waliosoma hapo. Hao, jamani, ndio wapwa wa bosi.

Ningepewa mimi kalamu, ningerudisha ile amri ya ajira kabla ya kitu kingine, kisha nishughulikie mikopo ya nyumba, na kwenye vyuo ningewatofautisha wajukuu wa watumwa na watoto wa sisi wa ndege.

Hukumu ya 2023 iliacha upenyo: mwombaji anaweza kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Kwa hiyo mwaka uliofuata binti yangu na mjukuu wa Mzee walikaa kwenye meza yangu ya jikoni wakiandika. Wangu akaniuliza, "Mama, mimi niandike nini? Nyinyi mlikuja na ndege." Nikamgeukia mwenzake nikamwambia, wewe unayo habari ya lile kopo. Akatikisa kichwa bila kuinua macho. "Lile ni la babu," alisema. Akaandika kuhusu baiskeli mbovu za watoto wa mtaani kwetu, anazozifufua kila Jumamosi kwa vipuri anavyookota.